Pesa ya matibabu Chennai: ipi itumwe, ipi ibebwe, na "ada ya kuondoka" iko wapi

Swali: Mwezi ujao tunaondoka Nairobi, mimi na baba, kwenda Chennai. Anafanyiwa upasuaji wa moyo. Hospitali imetuandikia makadirio ya dola 7,500. Harambee imeleta shilingi 1,400,000, na tiketi na viza tumeshazilipia. Jamaa wananiambia nibadilishe zote ziwe dola nizifunge kiunoni, na nisiguse kabisa dola 100 za ada ya kuondoka uwanjani, 50 kwa kila mtu. Sijawahi kuvuka mpaka maishani. Nifanyeje? – Msomaji, Umoja, Nairobi

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuuguza, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua dola. Usizifunge zote kiunoni. Pesa ya hospitali itoke kwenye benki hapa Nairobi iingie moja kwa moja kwenye benki ya hospitali kule, isipite mkononi mwako hata siku moja. Unachobeba ni pesa ya kula, kulala na nauli. Na zile dola 100 za uwanjani mmeshazilipa bila kujua. Nitakuonyesha zilipo, pamoja na pesa ya kuondoka ambayo kweli inafaa kuwekwa kando.

Tuanze na kiunoni. Tuseme dola inauzwa shilingi 131. Shilingi 1,400,000 zitakupa dola 10,687. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 ya kuzuia utakatishaji wa fedha inamtaka kila anayevuka mpaka na dola 10,000 au zaidi, au kiasi kama hicho kwa sarafu yoyote, azitangaze kwa ofisa wa forodha. Ukifika India kuna fomu nyingine: noti za kigeni zikizidi dola 5,000 unazitangaza, hata kama hapa Nairobi hukulazimika. Kutangaza si kosa na hakutozwi kodi. Kosa ni kunyamaza, na pesa isiyotangazwa inaweza kushikiliwa wakati mgonjwa wako anasubiri kitanda. Atatokea mtu wa kukushauri mgawane na mzee, nusu kwako nusu kwake, ili kila mmoja awe chini ya kiwango. Usikubali. Hizo ni fedha za mfuko mmoja kwa ankara moja, na kuzigawa ili zisionekane ndiko kunakomfanya ofisa aanze kushuku.

Lakini sababu kubwa iko kwa kashia wa hospitali. Sheria ya kodi ya India inamkataza mtu au shirika kupokea taslimu ya rupia laki mbili au zaidi kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja, au kwa shughuli moja, hata ukilipa kidogo kidogo. Hizo ni kama dola 2,200 tu. Kwa hiyo ungefika na dola 7,500 kiunoni, ukapita forodha salama, halafu dirishani uambiwe haziwezi kupokelewa. Watu wamejikuta wakitafuta njia ya kuingiza noti benki katika mji wasioujua, mgonjwa akiwa wodini.

Kwa kuwa nimetaja laki: Wahindi wanahesabu kwa laki kama sisi, na koma wanaiweka mahali ambapo jicho la Mkenya halijazoea. Ankara ikiandikwa 4,50,000 hiyo ni laki nne na nusu, si elfu arobaini na tano na sifuri iliyozidi. Isome taratibu kabla ya kutia sahihi, na hakikisha kama ni rupia au dola. Hospitali nyingi humpa mgeni makadirio kwa dola halafu ankara ya mwisho ikaja kwa rupia.

Sasa namna ya kutuma. Andikia dawati la wagonjwa wa kimataifa la hospitali uombe ankara ya makadirio yenye jina la baba kama lilivyo kwenye pasipoti, nambari yake ya mgonjwa, kiasi, na maelezo ya benki: jina kamili la mwenye akaunti, nambari ya akaunti, jina na anwani ya tawi, na msimbo wa SWIFT, yaani herufi zinazoitambulisha benki katika malipo ya nchi hadi nchi. Pengine wataongeza msimbo unaoitwa IFSC. Huo ni wa malipo ya ndani ya India. Uandike kwenye maelezo ya ziada ukitaka, lakini hauchukui nafasi ya SWIFT. Kisha nenda benki yako na ankara hiyo, pasipoti zote mbili, kitambulisho, na barua ya daktari wa hapa aliyempa rufaa. Beba pia daftari la harambee au taarifa ya akaunti inayoonyesha michango ilivyoingia, kwa sababu benki inaweza kukuuliza fedha zimetoka wapi, na jibu la karatasi ni la haraka kuliko la mdomo.

Kwenye fomu ya kutuma utaona mahali pa kuchagua nani analipa gharama: OUR, SHA au BEN. Chagua OUR. Maana yake gharama zote, pamoja na za benki ya katikati inayopitisha dola, unazilipa wewe juu ya kile unachotuma. Ukichagua SHA, benki ya katikati inakata chake njiani, hospitali inapokea pungufu ya 7,500, na siku ya kulazwa unaambiwa malipo hayajakamilika. Pengo lenyewe huwa dogo, lakini usumbufu wake asubuhi ya upasuaji si mdogo. Kwenye sehemu ya maelezo ya malipo andika jina la mgonjwa na nambari yake ya mgonjwa. Bila hiyo pesa inafika kwenye akaunti ya hospitali kubwa ikiwa haina mwenyewe, na mhasibu hawezi kujua kuwa ni ya baba yako.

Ukimaliza, omba nakala ya ujumbe wa SWIFT, karatasi inayoonyesha benki imetuma, itume kwa barua pepe hospitalini, uchapishe nyingine mbili. Malipo ya namna hii kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu za kazi. Chennai iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu: saa nane na nusu mchana hapa, kule ni saa kumi na moja jioni. Ukituma Ijumaa alasiri, hesabu kuwa umetuma Jumatatu. Tuma siku kumi kabla ya safari, na usipande ndege mpaka hospitali ikuandikie kwamba imepokea.

Kuna hatari moja hapa ninayotaka uichukulie kwa uzito wote. Matapeli huingilia mawasiliano ya barua pepe, na siku mbili kabla hujatuma unapata ujumbe unaofanana kabisa na wa hospitali: "Akaunti yetu imebadilika, tumia hii." Kabla ya kutuma, piga simu hospitalini kwa nambari uliyoitoa kwenye tovuti yao rasmi, si ile iliyo kwenye barua pepe, wakusomee nambari ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Jina la mwenye akaunti liwe la hospitali au kampuni inayoimiliki, si la mtu binafsi. Na wakala aliyewaunganisha na hospitali, hata akiwa mwema namna gani, pesa ya upasuaji isipitie kwake.

Akaunti inayotuma nayo ina maana kuliko watu wanavyofikiri. Makadirio yakizidi gharama halisi, hospitali hurudisha salio, na mara nyingi hulirudisha kwenye akaunti ileile lilikotoka. Ikiwa ulituma kutoka kwa akaunti ya mwenyekiti wa harambee, salio litarudi kwake. Tuma kutoka kwa akaunti yenye jina lako. Isiwe ya baba pekee, maana mwenye akaunti akiwa amelazwa na mirija kifuani hakuna wa kutia sahihi wala kuweka nambari ya siri. Kama michango bado iko kwenye M-Pesa ya mweka hazina, anza kuihamisha mapema: laini moja inashika shilingi 500,000 tu, muamala mmoja mwisho wake 250,000, na kwa siku 500,000. Shilingi 1,400,000 hazitahama kwa asubuhi moja.

Bei ya dola usiipokee kama ilivyo ubaoni. Kwenye ubao maneno ya kununua na kuuza yanasemwa kwa upande wa duka: safu ya "kuuza" ndiyo yako, kwa sababu wao wanakuuzia wewe. Benki Kuu ya Kenya hutangaza wastani wa bei kila siku ya kazi. Uandike kwenye karatasi uende nao, si kwa sababu utaupata, bali upime nani anakukata zaidi. Shilingi 1,400,000 kwa bei ya 131 ni dola 10,687. Kwa 134 ni dola 10,447. Tofauti ni dola 240, kodi ya chumba ya siku kadhaa karibu na hospitali. Kwa kiasi kama chako mwambie ofisa wa benki kuwa unataka bei ya chumba cha biashara ya fedha za kigeni, usikubali ile ya dirishani. Wanashusha, hasa ukiwaambia bei uliyopewa na benki ya jirani.

Mpango wenyewe ungekaa hivi. Dola 7,500 za hospitali zitakula shilingi 982,500. Dola 1,200 taslimu, shilingi 157,200. Zinabaki karibu shilingi 260,000. Toa gharama za benki, nyingine ziache kwenye akaunti yenye kadi. Hizo ndizo akiba ya dharura, na kuziacha kwa shilingi si hasara, kwa sababu usipozitumia hutazibadilisha mara mbili.

Zile dola 1,200 zinunue benki au kwenye duka la foreksi lenye leseni ya Benki Kuu iliyotundikwa ukutani. Nenda na kitambulisho au pasipoti na uondoke na risiti. Anayekufuata kando ya barabara akikuahidi bei nzuri kuliko ya ndani, mpite.

Omba dola 1,000 kwa noti za mia na 200 kwa noti za ishirini na kumi. Noti za mia hubadilishwa kwa bei nzuri; ndogo maduka mengi huzinunua kwa bei ya chini, lakini utazihitaji njiani kwa chai na maji uwanja wa kuunganisha ndege. Kila noti ya mia iangalie mbele ya kashia, kabla hujaondoka dirishani. Unataka toleo lenye utepe wa bluu uliofumwa ndani ya karatasi, lililoanza kutumika Oktoba 2013. Inamishe noti mbele na nyuma: vikengele vilivyo ndani ya utepe vinabadilika kuwa tarakimu 100 na kusogea. Kuna kidau cha wino cha rangi ya shaba, na ndani yake kengele inayogeuka kijani ukiinamisha noti, kisha inapotea tena. Pitisha ukucha begani kwa Franklin, yule mzee aliyechorwa kwenye noti, upande wa kushoto. Utahisi mikwaruzo ya chapa iliyoinuka. Ielekeze kwenye mwanga, upande wa kulia itokee sura ya pili, hafifu. Ikiwa na mhuri, maandishi ya kalamu, tundu la pini au mpasuko hata wa nusu sentimita, irudishe. Hapa wanaweza kukuambia haina neno. Mbadilishaji wa kule atakuambia ina neno, na hapo huna wa kumrudishia.

Rupia usinunue Nairobi. Zinapatikana, ila pengo kati ya kununua na kuuza ni pana kwa kuwa hapa hazina wateja wengi. Na mtu akikuletea noti za rupia 2,000 kwa bei ya kutupa, ujue ni kwa nini: Benki Kuu ya India ilitangaza kuziondoa kwenye mzunguko tarehe 19 Mei 2023, na hakuna muuza duka atakayezigusa. Noti kubwa utakayoishika kule ni ya 500. Ukifika, badilisha dola 50 tu uwanjani, za teksi na chakula cha kwanza, kwa sababu bei ya uwanjani ndiyo mbaya kuliko zote. Zilizobaki badilisha mjini kwa mbadilishaji mwenye leseni, dola 200 au 300 kwa wakati mmoja, na kila mara udai hati ya ubadilishaji. Hicho kikaratasi kiweke ndani ya pasipoti. Ndicho kitakachokuruhusu kugeuza rupia ziwe dola siku ya kurudi. Omba pia noti za 100 na 200. Wauzaji wadogo na madereva wa bajaji kule wamezoea kulipwa kwa simu kwa mfumo wao wa UPI, na mgeni mwenye laini ya Kenya atalipa kwa noti, na chenji haiko kila mahali. Shilingi za Kenya usizitegemee kabisa Chennai.

Kadi ya benki iambie benki yako kwa maandishi kuwa utaitumia India kuanzia tarehe fulani mpaka fulani, la sivyo inafungwa siku ya kwanza kwa kushukiwa wizi. Halafu kuna mtego mmoja wa kwenye mashine, na unawapata hata wazoefu. Ukitoa pesa au ukilipa, mashine inaweza kukuuliza kama ungependa kukatwa kwa shilingi za Kenya badala ya rupia. Inaonekana kama hisani, kwa sababu unaona kiasi kwa pesa unayoijua. Kataa. Ukikubali, bei inapangwa na mwenye mashine, na huwa mbaya. Chagua rupia kila mara. Tena, toa kiasi kikubwa kwa mara chache, kwa kuwa gharama hukatwa kila unapotoa.

Simu nayo ni sehemu ya pesa. Nambari za kuthibitisha miamala ya benki huja kwa SMS kwenye laini yako ya Kenya. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado hapa, ujaribu, na ubaki na salio. Ukiitoa laini hiyo na kuweka ya India, umejifungia nje ya akaunti yako mwenyewe. Na kwa kuwa upasuaji unaweza kuongeza gharama ghafla, ongeza ndugu mmoja unayemwamini kuwa mtia sahihi wa pili wa akaunti kabla ya kuondoka. Benki zingine haziruhusu kutuma fedha nje ya nchi bila mtu kufika tawini, na wewe utakuwa Chennai.

Sasa ile ada ya uwanjani. Kenya inatoza ada ya huduma kwa abiria wa ndege: dola 50 kwa anayetoka nje ya nchi na shilingi 600 kwa safari za ndani. Jamaa zako hawakukosea kiasi. Wamekosea mahali tu. Ada hiyo hukusanywa na shirika la ndege ndani ya bei ya tiketi. Fungua tiketi yako kwenye barua pepe, shuka chini ya nauli, utaona orodha ya kodi na ada zenye misimbo ya herufi mbili, na ya Kenya imo humo. Za viwanja vya India kwa safari ya kurudi nazo zimo. Kwa hiyo JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hakuna dirisha la kulipia, na yeyote atakayekupigia simu akitaka utume "ada ya uwanja" kwa M-Pesa ni mwizi.

Pesa ya kuondoka unayopaswa kuiweka ni nyingine. Viza ya matibabu ya mtandaoni ya India ni ya siku 60 tangu mnapoingia. Kidonda kikichelewa kupona na siku zikakaribia, omba kuongezewa muda kwa ofisi ya usajili wa wageni, FRRO, kabla hazijaisha. Hospitali itakupa barua. Zikipita, mtalipa faini na kuhitaji kibali cha kutoka, na bila hicho hamtapanda ndege. Tarehe ya kurudi nayo mara nyingi husogea baada ya upasuaji wa moyo, na kubadilisha tiketi kuna ada pamoja na tofauti ya nauli. Leo hii liulize shirika lako la ndege ni kiasi gani, na ulize pia fomu ya daktari ya kumruhusu mgonjwa kuruka, kwani wanaweza kumkataa langoni bila hiyo. Kiti cha magurudumu kiombe mapema, hakina malipo.

Jambo moja lililo kando kidogo, lakini lina gharama: anayetoka Kenya anatakiwa na India awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Kama mzee amepita miaka 60, azungumze kwanza na daktari wake wa moyo kabla ya kuchomwa, na mfanye hivyo wiki hii.

Siku ya kurudi, geuza rupia zilizobaki mjini ukiwa na ile hati ya ubadilishaji, usingoje kaunta ya mwisho uwanjani. Zikiwa chache, nunua dawa alizoandikiwa baba za miezi miwili mitatu kwenye famasia ya hospitali, uondoke na risiti na karatasi ya daktari kwenye begi la mkononi.